Iache Inywe

Habari kwamba Patron Leonidasi, tajiri wao, amepata petroli zilifika Jumatatu asubuhi, kwa simu, wakati Hadija anachota maji ya kufulia kutoka ndani ya boti ya Patron huyohuyo. Alitua ndoo, akatega sikio. Mumewe, Nasiri, alikuwa amesimama kando ya ukuta, mkono mmoja umeshika simu, wa pili umekaa kifuani kana kwamba Patron anamwona, na alikuwa akiitikia na kushukuru "ndiyo Patron, murakoze Patron" mpaka anayesikiliza akachoka kwa niaba yake. Simu ilipokatika uso wake uling'aa. Alisema ni Jumamosi. Jumamosi boti inashuka ziwani.

Hadija aliendelea kuchota. Yalikuwa maji ya mvua, masafi, na bomba la mtaa lilikuwa na wiki tatu halijatoa hata tone. Kwa miaka miwili boti hiyo ya starehe, iliyoundwa Ulaya ili watu walale juu yake kuota jua, ilikuwa tangi la mtaa mzima. Majirani walikuja na madumu, wakasalimia, wakachota, wakaenda zao. Katika miaka hiyo miwili hakuna aliyeota jua humo, ila paka wa jirani, naye alifukuzwa asichafue maji.

Ilikuwa boti ya urefu wa mita saba, zamani nyeupe, ya faiba, ile plastiki ngumu isiyojua kuoza. Patron aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaileta Rumonge juu ya lori, akamkabidhi Nasiri. Sasa, Nasiri alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao, na fundi wa kweli. Kutoka Gitaza kushuka mpaka Nyanza-Lac wavuvi walijua mkono wake, jinsi anavyosukuma pamba kati ya mbao na kuikaza mpaka maji yenyewe yanakata tamaa. Faiba hakuwahi kuigusa. Alimwambia Patron hivyo, kwa adabu, na Patron akamjibu kwamba bote ni bote.

Basi akajifunza. Aliharibu kitambaa cha kwanza cha faiba, akaharibu cha pili, cha tatu kikashika. Nyufa zote za tumboni akaziziba, akasugua, akazifanya laini kama shavu la mtoto. Nyuma, chini kabisa, boti ilikuwa na tundu la kutolea maji, nalo kizibo chake cha shaba kilikuwa kimepotea Ulaya au njiani, Mungu anajua. Nasiri akachonga kingine cha mti mgumu, akakivisha uzi wa pamba, akakipaka masimbi ya mawese, yale mashapo mazito ya mafuta. Ukikigonga mara tatu kwa jiwe hakitoki mpaka utake wewe. Katika kazi yote ile, hicho kizibo kidogo ndicho alichokipenda zaidi, maana hakujifunza kwa mtu. Hadija ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Kila maji yalipochafuka alikivuta, akaosha boti, akakirudisha: mara tatu, kwa jiwe.

Patron naye alikuwa na utaratibu wake wa kutengeneza boti. Kwanza alileta matakia mekundu. Halafu redio yenye spika nne. Halafu bendera, halafu kofia ya nahodha, ambayo aliivaa yeye. Buji za moteri, zile plagi za kuiwasha, zilikuja mwezi wa kumi na tisa. Kila mwisho wa mwezi alifika kutoka Bujumbura, akavua viatu, akapanda, akashika usukani na kupigwa picha, boti ikiwa imekaa juu ya magogo ya mikaratusi. Mpiga picha alijua pa kusimama ili migomba isionekane. Huko mjini, watu wengi walikuwa wanamwonea wivu Patron kwa safari zake za ziwani.

Kilichokuwa kinamkosesha Hadija raha hakikuwa boti, kilikuwa nyumba. Ziwa lilipopanda lilichukua nyumba yao ya chini pwani na kila kitu kisichobebeka kichwani. Patron ndiye aliyewapa vyumba viwili nyuma ya kiwanja chake wakae bure, walinde boti na kuitengeneza. Na siku ileile, bila kubadilisha sauti, aliwaambia kwamba siku boti ikiingia majini vyumba vitavunjwa, pale atapandisha bangalo za watalii, na wao watakuwa wamekwisha kujipanga. Alilipenda neno hilo, kujipanga. Wenye viwanja wanalipenda sana.

"Na sisi?" Hadija alimuuliza mumewe jioni ile.

Nasiri alikuwa akipiga msasa mahali palipokuwa laini tayari. Alisema Mungu ataleta. Hadija akamwambia Mungu ameshaleta, ameleta vyumba viwili na paa lisilovuja, na yeye fundi anavitengenezea njia ya kuondoka. Si angesema tu kwamba kazi haijaisha? Nani angejua?

"Miye najua," alisema Nasiri. "Miaka miwili, Mama Kaoutar. Kule pwani wananiuliza kama nimeoa hii bote. Wanasema Nasiri alishindwa. Wacha iingie mu maji mara moja tu, wanione. Kisha tulale hata chini ya muti."

Hadija aliingia ndani. Binti yao Kaoutar alikuwa kitandani na vitabu vyake, na mtihani wa taifa ulikuwa mbele kwa miezi mitatu. Chini ya mti hapakuwa na taa ya kusomea.

Petroli ilisafiri kama mgeni mheshimiwa. Iliondoka Bujumbura lita ishirini, na nchi nzima wakati huo ikipiga foleni kwenye vituo vilivyokauka, kila mkono ulioipitisha uliilamba kidogo. Ilifika Rumonge lita kumi na moja. Lameki, makanika wa moteri aliyetoka Uvira na asiyekuwa na haraka na jambo lolote duniani, alichukua moja kuijaribu moteri ndani ya pipa la maji. Ilikohoa, ikatema kiota cha nyigu, ikawaka. Moshi ulijaa mtaa na watoto wakapiga makofi. Kisha Ijumaa akaja Patron mwenyewe, na gari lake lilikuwa limekauka, likanywa lita sita ili aweze kurudi mjini baada ya sherehe. Zikabaki nne.

"Nne zinatosha?" aliuliza Patron.

"Za kwenda zinatosha, Patron," alisema Lameki. "Za kurudi, tutaona kulekule."

Patron alicheka, akidhani ni utani.

Hadija alisubiri mpaka amalize kupigwa picha. Alikuwa amejitanda kanga safi na maneno yake ameyapanga toka alfajiri. Aliomba miezi mitatu tu, mtoto amalize mtihani, kisha wataondoka bila kusukumwa. Patron alimsikiliza vizuri, akitikisa kichwa kwa huruma, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu ambaye hajawahi kukosa pa kulala. Alimwita mama. Alisema anamwelewa sana. Kisha akasema wafanyakazi wa bangalo wanaanza Jumatatu.

"Mumekuwa na miaka miwili ya kujipanga, mama," alisema. "Miye nilitengeneza bote. Nyinyi mulitengeneza nini?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mwalimu. Halafu akamkabidhi fulana nyeupe yenye picha ya boti, akamwomba awakaangie wageni mikeke kesho, wale samaki wa ziwani, wakubwawakubwa, na akamwomba pia aanue zile nguo kwenye kamba, maana zinaharibu picha. Hadija alianua. Zilikuwa bado zina maji. Alizikumbatia kifuani, zikamlowesha, na hapo ndipo hasira ilipompanda, si kwa nyumba bali kwa lile swali. Nyinyi mulitengeneza nini. Aliona mikono ya Nasiri iliyobabuka kwa dawa ya faiba, akaona hata huyo Nasiri mwenyewe hakuhesabiwa.

Jumamosi saa mbili, wanaume arobaini walikuwa wamefika kusukuma. Nasiri, ndani ya fulana mpya iliyombana, alimwambia mkewe amalizie kutoa maji. Hadija alipiga magoti nyuma ya boti, akakivuta kizibo. Maji ya mvua yalimwagika kwa kishindo, yakapita miguuni mwa watu, majirani wakayatazama yakienda kama wanavyotazama jeneza. Tone la mwisho lilipoanguka, Hadija alipangusa kizibo, akakikausha vizuri kwa ncha ya kanga. Jiwe lilikuwa palepale, karibu na goti lake.

Hakulichukua. Alikifunga kizibo kwenye pindo la kanga, fundo moja, fundo la pili, pale anapofungia hela za sokoni. Hakuwa amepanga. Mkono wake ndio uliopanga, na moyo ukaufuata nyuma ukipiga mbio. Alijiambia boti itajaa palepale ukingoni, watu watalowa magoti, watacheka, itarudishwa.

"Umekirudisha?" Nasiri aliuliza akipita na kamba begani. Hakuinama kutazama. Katika miaka miwili hakuwahi kuinama kutazama kazi ya mkewe.

"Nimekirudisha," alisema Hadija.

Boti ilishuka juu ya magogo kwa nyimbo. Hotuba zilikuwa tatu, na ya Patron ilikuwa ndefu kuliko njia yenyewe ya kwenda ziwani. Alizungumzia utalii, akazungumzia maono. Wageni wake walikuwa bwana mmoja wa benki na mkewe, aliyevaa viatu vya visigino virefu kwa ajili ya ziwa. Wakapandishwa hao, akapanda Patron na kofia yake, Lameki kwenye moteri, na Nasiri nyuma, wima, mkono kiunoni. Pwani nzima ilikuwa imekuja, mafundi wenzake mbele. Hadija hakuwahi kumwona mumewe amesimama hivyo tangu ziwa liwachukulie nyumba, na mara moja akajuta. Alifungua mdomo. Lameki akavuta kamba na moteri ikameza kila kitu.

Na boti haikujaa. Iliruka. Iliinua pua, ikakata maji, spika nne zikalia, wavuvi wakapiga mayowe ya furaha. Hadija hakuelewa. Hakujua kwamba boti ya namna ile ikikimbia hujikamua yenyewe, maji yanatoka kwa tundu lilelile yanaloingilia. Kadiri ilivyokimbia ilikuwa salama kabisa. Ilizunguka mara moja, mara mbili, mke wa bwana wa benki akipunga mkono. Nasiri akavua kofia yake ya kazini, akaielekeza kwa mafundi wenzake pale ukingoni, nao wakampigia makofi. Katika mzunguko wa tatu, mbali kidogo, lita nne zikaisha.

Kimya kikashuka. Redio tu ndiyo iliyoendelea kuimba.

Kilichofuata kingeweza kuisha kwa dakika mbili kama watu wale wangekuwa wa ziwa jingine. Lakini huku mtumbwi mpya wa mbao ukitiwa majini siku ya kwanza huvuja, lazima uvuje. Unaachwa unywe, mbao zinavimba, nyufa zinajifunga, na kesho yake ni mkavu. Mwenye kupiga kelele kwa maji ya siku ya kwanza huonekana mshamba. Kwa hiyo sauti ya mke wa bwana wa benki ilipofika pwani, ikisema maji yamefika kwenye viatu, mafundi walitabasamu.

"Inakunywa," alisema mmoja.

"Iache inywe," alisema wa pili. "Itashiba."

Wakaanza hata kubishana itashiba saa ngapi. Mzee mmoja mwenye mitumbwi minne alitoa maoni kwamba bote kubwa ina kiu kubwa. Na kule majini, Hadija alisikia sauti ya mumewe, tulivu, ya fundi wa miaka thelathini, ikiwaambia wageni wakae chini, wasitikise, waiache inywe. Alikuwa ameishika faiba ile kwa miaka miwili, anajua kuliko mtu yeyote Rumonge kwamba haina ubao hata mmoja. Lakini alikuwa ameulizwa mbele ya watu, na mdomo ukatoa jibu ulilolizoea.

Nyuma ya boti ikazama kiasi cha shubiri. Bwana wa benki alikuwa amepanda juu ya takia. Hadija aliona maji yakigusa mapaja ya Nasiri, na Nasiri naye amekaa chini kama wao, bado anawatuliza. Hakuwa anajua kuogelea vizuri, huyo fundi wa mitumbwi. Hadija aliingia ziwani na nguo zake mpaka kiunoni, pindo la kanga lenye fundo likiwa begani, akawageukia wenye mitumbwi.

"Muende muwatoe," alisema. "Ile si mbao. Haitavimba. Haitashiba hata kesho."

Watu walimtazama, kisha wakaitazama boti, na ndipo ilipowaingia. Mitumbwi sita iliondoka kwa pamoja. Waliwatoa wote, wazima, wenye kulowa, mke wa bwana wa benki akiwa ameshikilia kiatu kimoja. Boti haikuzama yote. Ilibaki imesimamisha pua juu ya maji, bendera ikiwa chini, na redio iliimba mpaka ilipojaa.

Patron alitembea hatua za mwisho ndani ya maji, suti nyeupe imemganda, kofia inaelea nyuma yake. Pwani yote ilijizuia. Ilijizuia vizuri sana, mpaka mzee wa mitumbwi minne akauliza, kwa nia njema kabisa, kama imeshiba.

Kicheko kile kilisikika mpaka barabarani. Patron alingoja kiishe, hakikuisha. Aliwaambia wageni wake kwamba hilo lilikuwa jaribio la kitaalamu na kwamba limeleta matokeo. Kisha akamgeukia Nasiri, na mbele ya mafundi wote akamwambia maneno ambayo sitayarudia, kuhusu mikono yake na vitu inavyofaa kushika. Nasiri alisimama ameinamisha kichwa, maji yanamtiririka.

"Na usifikiri utanikimbia," alimalizia Patron. "Bangalo zitangoja. Hautoki pale kwangu, wewe na bibi yako na mutoto yako, mpaka hii bote itembee mu maji. Hata ikiwa miaka kumi."

Hadija aliinamisha uso haraka ndani ya kanga. Watu walidhani analia.

Boti ilivutwa kwa kamba, ikarudishwa juu ya magogo yake. Lameki aliifungua moteri, akamwaga ziwa lililokuwamo, akasema vipuri vyake vitatafutwa, na akalisema neno hilo kwa namna ya mtu anayezungumzia vizazi vijavyo. Jumatatu hakuna aliyekuja kuvunja. Kaoutar alisoma chini ya taa yake.

Lakini Nasiri hakutoka kitandani. Siku ya kwanza Hadija alisema ni uchovu. Siku ya pili aliona chakula hakijaguswa. Huko pwani walikuwa wameshampa jina, Iache-Inywe, na mwenye mtumbwi mmoja aliyekuwa amemwahidi kazi alituma mtoto kuchukua mbao zake. Siku ya tatu Nasiri alizungumza, uso ukutani.

"Ni kizibo," alisema. "Siku bote ilirudi nilienda kutazama tundu. Iko wazi. Kizibo yangu iliruka. Kitu kidogo hivyo, Mama Kaoutar, nilikichonga vizuri, na kikanikataa. Mikono yangu iliisha."

Hadija alisimama mlangoni. Alikuwa na nyumba, alikuwa na taa, alikuwa na kila alichoomba, na kitandani kulikuwa na mtu anayeuawa na kitu ambacho hakikutokea. Angeweza kunyamaza. Siku tatu alikuwa amejifunza kunyamaza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akakiweka kizibo kwenye kiganja cha mumewe.

Nasiri alikigeuza. Aliupapasa uzi wa pamba, akapapasa masimbi ya mawese. Vyote vilikuwa vikavu. Ziwa halikuwahi kukigusa. Alikaa kitako polepole, akamtazama mkewe kwa muda mrefu mpaka Hadija akatamani ampige.

"Uliniambia umekirudisha."

"Nilikudanganya."

"Jina yangu, Hadija." Hakumwita Mama Kaoutar. "Miaka salasini."

"Najua," alisema Hadija, na sasa alikuwa analia kweli. "Nilitazama jina na nilitazama nyumba. Nikachagua nyumba. Ukitaka nenda umwambie Patron. Sitakukataza."

Nasiri aliinuka, akatoka na kizibo mkononi. Hadija alisikia milango, akasikia hatua zake uani, akajiandaa kusikia geti. Alianza hata kuhesabu vitu: godoro moja, masufuria, vitabu vya mtoto. Geti halikulia. Kilicholia kilikuwa jiwe, nyuma ya boti. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Siku mbili hakusema naye. Alikula, lakini hakusema. Asubuhi ya kwanza alikwenda pwani na zana zake, wakamwita Iache-Inywe, akaitika. Usiku wa pili mvua ilinyesha, ile kubwa ya Rumonge inayoshuka kutoka milimani na michikichi yote ikipiga kelele, na kulipokucha boti ilikuwa imejaa mpaka kwenye matakia mekundu. Majirani walikuwa wameshajipanga nje na madumu yao.

Hadija alitoka na ndoo. Alimkuta mumewe amelala chali chini ya boti, juu ya tope, fulana ya Patron imechafuka yote, anapitisha kidole kuzunguka kizibo. Alikipitisha tena. Tani mbili za maji zilikuwa zimekaa juu ya uso wake na kidole kilitoka kikavu. Alikiinua ili mkewe akione, yeye peke yake, maana hapakuwa na mwingine Rumonge nzima ambaye angeweza kuonyeshwa.

"Haivuji," alisema.

"Haivuji, fundi," alisema Hadija, akaingiza ndoo.